Meli Iliyofunikwa Blanketi

Ni mimi niliyemwambia Gogo. Si kaka yangu Rono. Jambo hili nimelikana kwa zaidi ya miaka arobaini: mbele ya baba akiwa na fimbo mkononi, mbele ya mchungaji, mbele ya mume niliyekuwa naye wakati huo, na mwaka jana, Mungu anisamehe, mbele ya mtu aliyekuwa na haki ya kwanza ya kulijua. Najua wengi wenu mnanifahamu kwa makala zangu za gazetini, yule mama anayecheka waganga na manabii wa runinga, na mtasema nimeanza kuzeeka vibaya. Semeni. Haya yalitukia sebuleni kwangu, mtaa wa West Indies, hapa Eldoret, saa kumi alasiri, na sikuwa nimekunywa kitu ila chai.

Nianze na picha, maana bila picha hakuna kisa.

Baba alikuwa dereva wa trekta katika shamba la mzungu mmoja kule Ainabkoi. Mzungu alipouza shamba na kurudi kwao, vyombo vyake vilipangwa nyasini, watu wakaja kuchagua. Wengine walichukua vitanda, wengine mashine ya kutenganisha krimu. Baba alirudi nyumbani na picha ya rangi ya mafuta, pana kama mlango, yenye fremu ya dhahabu iliyobanduka pembeni. Ndani yake kulikuwa na meli ya matanga katikati ya dhoruba: mawimbi meusi, mbingu ya rangi ya jivu, matanga mawili yamechanika, na watu wadogo kama siafu wameng'ang'ania kamba. Mama alimuuliza kama amerukwa na akili. Tulihitaji kitanda.

Picha ilitundikwa sebuleni, kati ya kalenda ya duka la mbegu na picha ya harusi, ikavalishwa kitambaa cha kufuma juu yake, kama redio, kama viti, kama kila kitu kilichosimama tuli katika nyumba zetu.

Gogo, mama yake baba, aliishi nasi. Hakuwahi kuona bahari wala ziwa. Maji makubwa kuliko yote aliyoyajua yalikuwa bwawa la kunyweshea ng'ombe. Alipoketi mbele ya picha mara ya kwanza alimuuliza baba hii ni nini, na baba akajibu bila kupepesa macho kwamba ni Mlima Elgon wakati wa masika, na kile kilicho katikati ni nyumba ya mzungu.

"Na hizo nguo?" Gogo akauliza. Alimaanisha matanga.

"Ni shuka," baba akasema. "Zimeachwa nje."

Tangu hapo, kila mvua iliponyesha, Gogo aliitazama picha na kutikisa kichwa. "Mama wa hii nyumba ni mvivu kabisa," alikuwa akisema. "Mvua yote hii na nguo bado ziko kwa kamba." Tulicheka mpaka machozi. Hata mama alicheka. Baba hakucheka, nami nikadhani ni kwa sababu baba hakuwa mtu wa kucheka.

Sasa nieleze kuhusu Chumo. Huyu alikuwa mtoto wa kwanza wa Gogo, kaka mkubwa wa baba. Alichukuliwa kwenda vita vya Wazungu akiwa kijana mdogo, na baadaye barua ikaja kwa chifu ikisema hajulikani alipo. Askari waliorudi waliwanong'oneza wazee kwamba meli yake ilizama, na baba alikua akilijua hilo. Gogo aliambiwa la barua tu. Kwake yeye, mtu asiyejulikana alipo ni mtu aliye mahali fulani.

Na kwa wasioijua desturi yetu: kwetu Wakalenjin, mtoto akizaliwa, wanawake wa ukoo humzunguka wakaita majina ya waliokufa, moja baada ya jingine, huku wakimnusisha mtoto ugoro kidogo. Jina litakalomfanya apige chafya, basi huyo ndiye amerudi. Lakini jina la mtu aliye hai haliitwi. Kumwita ni kumchimbia kaburi. Kwa hiyo Gogo aliweka amri: Chumo asiitwe. Watoto wakazaliwa, majina yakaitwa, na kila mwitaji alipofika kwa Chumo aliruka.

Nilikuwa darasa la sita na nilijua kila kitu. Baadaye nilikwenda chuo kikuu nikajua hata zaidi, lakini sidhani niliwahi tena kujua kwa uhakika kama nilivyojua mwaka ule. Mwalimu alikuwa ametuletea kitabu chenye picha za meli. Jumamosi moja mchana mvua ilikuwa inanyesha, Rono amepeleka ndama malishoni, mama yuko sokoni. Gogo akaanza wimbo wake kuhusu mama mvivu.

"Gogo, hizo si nguo," nikasema.

"Ni nini?"

"Ni matanga. Hii ni meli. Na hiyo si milima, ni maji. Inaitwa bahari."

"Meli," Gogo alisema polepole, kama mtu anayeonja chakula cha mgeni. Neno alilijua. Chumo alipanda meli. Miaka yote hiyo alikuwa akidhani meli ni aina ya gari moshi. "Na haya maji yanaisha wapi?"

"Yanafika mpaka Ulaya."

"Na hao watu wakianguka?"

"Wanakufa maji, Gogo."

"Wanazikwa wapi?"

"Hawazikwi. Hawaonekani tena."

Nilijibu yote kwa sauti ya mtoto anayengoja kupigiwa makofi. Je, nilijua nilichokuwa nikifanya? Nilijua habari za Chumo, nilizosikia wazee wakinong'ona. Nilijua amri. Lakini kujua mambo mawili ni kazi moja, kuyaunganisha ni nyingine, na hiyo ya pili sikuwa nimefundishwa.

Gogo alisimama, akaishusha picha kutoka ukutani peke yake, mwanamke mzee yule, akailaza sakafuni. Akatoa blanketi lake begani akaifunika, akabana pembe nne kwa makini, jinsi anavyofunikwa mtu. Ndipo akanishika kiwiko.

"Mwambie baba yako," akasema, "jina la Chumo liko huru. Waliite."

Kisha akalala akiutazama ukuta. Hakusema neno jingine na mtu yeyote, na kabla ya Jumamosi iliyofuata tulikuwa tumemzika.

Baba aliporudi jioni ile aliliona blanketi sakafuni na akaelewa mara moja. Alikuwa na fimbo ya ng'ombe mkononi. "Nani amemwambia?" Hapo ndipo nami nilipoelewa kwa nini hakuwahi kucheka. Picha ile haikuwa pambo. Ilikuwa kaburi la kaka yake, amelitundika sebuleni ili alizuru kila siku bila mama yake kujua.

Nilinyoosha kidole. Nilimwonyesha Rono, aliyekuwa amesimama mlangoni, matope mpaka magotini, bado hajui hata kilichotokea. Ana mwaka mmoja tu kunizidi. Alinitazama mara moja. Alipigwa mpaka mama akajiweka katikati, na kwa miaka mingi kijijini alikuwa ni yule kijana aliyemuua nyanyake kwa mdomo. Aliacha shule kidato cha pili, akaenda Sugoi kulima mahindi.

Na ule ujumbe? Ningeufikishaje bila kusema ni nani aliyepewa? Niliumeza.

Sasa mnijue vizuri. Chuo kikuu niliandika insha ndefu juu ya picha za dhoruba baharini, na hisia zinazoamshwa na picha hizo. Nilisema dhoruba hupendeza kwa sababu mtazamaji amekauka. Mhadhiri alipiga mstari chini ya sentensi hiyo akaandika "vizuri sana", nami nimekula kwa sentensi hiyo miaka thelathini. Imeingia katika makala zangu tatu. Baba alipofariki hakuna aliyeitaka picha. Niliichukua mimi, nikaitundika West Indies, na wageni wakija nawaeleza maana yake. Ya blanketi siwaelezi.

Mwaka juzi Kibet, mtoto wa Rono, alipata mtoto wake wa kwanza. Mimi ndiye mwanamke mkubwa aliyebaki katika ukoo, kwa hiyo niliitwa Sugoi kuita majina. Mwanamke wa chuo kikuu, miwani puani, naita wafu. Nilijicheka moyoni lakini niliita. Nilipofika kwa Chumo nikaruka. Tulizunguka majina yote mara tatu. Ugoro ulimtoa mtoto machozi, chafya haikuja. Mwishowe alipewa jina la kanisa, na watu wakasema siku hizi mambo yamebadilika.

Alikufa akiwa na miezi mitatu. Daktari alisema ni homa ya mapafu. Alisema mapafu yalikuwa yamejaa maji.

Na mwaka jana, Aprili, mke wa Kibet akiwa mjamzito tena, akaja yule mtu.

Mvua ya mawe ilikuwa imeanza ghafla, ile ya kwetu inayopiga mabati mpaka husikii mawazo yako mwenyewe. Umeme ulikuwa umepotea na chumba kimekuwa na giza ingawa ni mchana. Nikasikia hodi. Mlangoni alisimama kijana wa miaka ishirini na ushee, amevaa koti zito la kaki na kaptura. Alikuwa ameloa, lakini niamini, hakuloa kama mtu aliyenyeshewa. Mtu aliyenyeshewa hudondoka matone. Huyu maji yalikuwa yanamtiririka bila kukoma, kama kitambaa kilichotolewa ndani ya ndoo sasa hivi.

"Hodi, mama," akasema. "Mimi nataka ngoja mvua kidogo."

Nilidhani ni mlinzi wa nyumba ya jirani. Ungefanya nini wewe? Eldoret hatumwachi mtu nje kwa mvua ya mawe. Nilimkaribisha, nikamwonyesha kiti.

"Hapana. Mimi itaharibu kiti."

Alisimama katikati ya zulia akiitazama picha. Nami, kwa kuwa siwezi kumwona mtu mbele ya picha nikanyamaza, nikaanza kuhutubu. Nikamweleza kwamba mchoraji ametumia mwanga huu na giza hili, kwamba watu huzipenda picha za dhoruba kwa sababu, na hapa nikaitoa ile sentensi yangu. Nilimwambia mtu aliyelowa hivyo kwamba dhoruba hupendeza kwa sababu mtazamaji amekauka.

Alisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza.

"Huyu mtu nachora hii," akasema, "yeye nasimama kwa kavu. Sisi hapana ona mawimbi, mama. Sisi naona kichwa ya mwenzako tu. Halafu hapana ona."

Ndipo nikayaona masikio yake. Ndewe zilikuwa zimetobolewa na kuvutwa, ndefu, na moja ameizungusha juu ya sikio ili isining'inie. Gogo alikuwa nazo hivyo. Siku hizi ukitaka kuziona masikioni mwa mtu lazima umtafute mzee wa miaka tisini, na hata huyo umkute yuko macho. Huyu kijana hakuwa na hata kunyanzi moja usoni.

Nilitaka kukimbia. Nilirudi nyuma mpaka ukutani.

Akaacha Kiswahili chake cha jeshini akaniuliza kwa lugha yetu, taratibu, kama mtu wa nyumbani: "Mama alisema nini?"

"Mama gani?"

"Siku alipoifunika hii. Alikupa neno ulipeleke."

Nilitazama zulia likiloa.

"Huwa nasimama mlangoni," akasema. "Wanaita wote. Juzi kule Sugoi ulikuwa ni wewe. Ulifika kwangu ukaruka. Nilikusikia, mara tatu."

Hebu fikirini. Nilikuwa na miaka hamsini na mitatu, baba amekufa, fimbo ilishaoza, hakuna wa kunipiga. Kulikuwa na maneno matatu tu ya kusema: jina liko huru. Nikasema nini?

"Mimi sikuambiwa kitu. Muulize Rono."

Alinitazama kama Rono alivyonitazama siku ile, mara moja tu. Kisha akakaza mgongo kama askari aliyepewa amri. "Basi nitakwenda kwa Rono," akasema, akatoka. Mawe ya mvua yalikuwa yakidunda uani kila mahali, na palipopita yeye sikuyasikia yakigonga kitu.

Siku ya pili jua lilitoka nikaanika zulia kwenye ua. Jirani yangu, Mama Wanjiru mwenye duka, anafuga ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa wa kizungu, nyuma ya nyumba. Nilikuwa jikoni nikasikia ananiita kwa lile jina nililopewa na mtaa, Mwalimu.

"Mwalimu, hebu njoo. Hili zulia lako umepika na nini?"

Ng'ombe alikuwa ametoa kichwa juu ya ua na analilamba zulia, pale pale katikati, kwa bidii, amefumba macho.

"Nimemwekea nyasi amekataa," Mama Wanjiru akasema. "Huyu hulamba hivi nikimletea jiwe la chumvi tu."

"Paa linavuja," nikasema. "Ni maji ya mvua."

Alipitisha kidole kwenye alama nyeupe iliyokuwa imekauka juu ya zulia, akaonja, akatema. "Ni paa la nani linavuja chumvi, Mwalimu?"

Nikaendelea kusema ni paa. Nilileta hata fundi, akapanda, akashuka, akasema paa langu ni zima kuliko yeye. Wiki zikapita, miezi ikapita. Mnaniuliza kwa nini sikumpigia Rono? Nilimpigia, mara nyingi. Tuliongea kuhusu mahindi. Aliniambia kwamba mvua ikinyesha kuna mtu husimama karibu na zizi lake na mbwa hawabweki. Nikamwambia aangalie, labda ni mwizi.

Mtoto wa pili wa Kibet alizaliwa, mvulana. Hakuwa ananyonya vizuri. Alikuwa anapumua kwa kukoroma, kama mtu mzima. Rono akapiga: "Njoo Jumamosi uite majina, tusichelewe kama ile siku."

Nilifika Sugoi asubuhi. Wanawake walikuwa wamekwisha kukaa ndani na ugoro uko tayari. Kutoka nje niliusikia mkoromo wa yule mtoto. Sikuvuka kizingiti. Nikazunguka mpaka kwa zizi, Rono alikuwa anakamua, nikasimama nyuma yake nikasema yote. Gogo, matanga, kidole, ujumbe, yule mtu, maneno yake kuhusu mchoraji aliyesimama kwenye kavu, na mahali nilipomtuma. Rono hakugeuka. Maziwa yaliendelea kulia kwenye ndoo.

"Alisema hivyo? Liko huru?"

"Ndiyo."

"Na wewe ukamwambia aje kwangu."

"Ndiyo."

Alikamua kidogo. "Nilijua ni wewe tangu ile siku," akasema. "Nikasema utasema ukikua. Halafu nikasema utasema baba akishakufa. Halafu tukazika yule mtoto, na wewe ulikuwa umesimama hapo na mwavuli, nikasema sasa atasema." Akainuka, akabeba ndoo yake. "Rudi nyumbani. Mke wangu ataita."

Tangu siku hiyo sijaandika tena juu ya picha. Mvua ya mawe ikianza nafungua mlango wangu wazi kabisa, naketi kwenye kiti kilicho karibu na mlango, na zulia linaloa maji matupu ya mvua, yasiyo na chumvi. Hakuna anayekuja. Mama Wanjiru husema nitapata baridi ya mifupa. Nawaambia ninyi mnaonisoma, hasa mliosoma kama mimi: mzee akikushika kiwiko akakupa neno la kupeleka, lipeleke siku hiyo hiyo, hata kama litakufanya upigwe. Usijiambie kwamba ni mambo ya kale. Wanaolingoja neno hilo hawaketi, na wanapolingojea hakuna paa.

Na kama bado kuna anayedhani nilikuwa naota, basi nimalizie na simu. Ilipigwa Jumamosi ile ile, sijavua hata viatu. Ilikuwa namba ya Rono.

"Amepiga chafya," akasema.

"Kwa jina gani?"

"Hata ugoro hatukuwa tumeweka. Jina lilitoka tu kwa mdomo ya mke wangu, mtoto akapiga. Mara mbili. Maji ikatoka kwa pua, mingi, ya kuloanisha shuka yote. Sasa ananyonya."

Nilikaa chini sakafuni, nikalia. Aliningoja. Nyuma yake nilisikia wanawake wakipiga vigelegele, wakiliita lile jina moja, tena na tena, kama wanalipa miaka yote.

"Rono, nije?"

Nilisikia akifunga mlango, vigelegele vikafifia.

"Kesho Kibet anakuja kuchukua hiyo picha," akasema. "Mpatie. Itakaa hapa, watoto waambiwe ni nini." Nikamsikia akivuta pumzi. "Wewe baki hapo. Baki hapo kwa kavu."